Hela imeingia ila SUM haioni: fupisha msimbo wa Google Sheets kwa methodi zako

Vikundi vingi vya akiba, iwe ni VICOBA vya akina mama wa mwani kule Mkinga au vya wauza machungwa Muheza, siku hizi vinaweka hesabu kwenye lahajedwali la simu. Tatizo ni kwamba kila mtu anaandika kivyake. Mmoja anaandika 10000, mwingine "10,000/=", mwingine "Tsh. 10,000".

Kwa macho yetu ni hela ileile. Kwa Google Sheets, seli yenye "/=" ni maandishi, si namba. Na fomula ya SUM ikikuta maandishi kwenye eneo inalojumlisha, inayaruka kimyakimya bila kukuonya.

Mfano: wanachama 4 wamenunua hisa za 5,000, 10,000, "10,000/=" na 5,000. Jumla halisi ni 30,000. SUM itakuambia 20,000. Ikienda hivyo wiki hadi wiki, siku ya kugawana mtu mmoja hisa zake hazionekani, na mtunza hazina ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

Njia ya haraka ya kugundua: kama hujabadilisha mpangilio, namba hukaa kulia mwa seli na maandishi hukaa kushoto. Ukiona kiasi kimeegemea kushoto, kina shida.

Suluhisho la kawaida, na kasoro yake

Wengi wanaojua Apps Script, lugha ya kuendesha Google Sheets, huandika mstari wa kusafisha namba. Kisha wanaukopi kwenye hisa, kwenye mikopo, kwenye faini, kwenye mfuko wa jamii. Siku mtu akija na mtindo mpya wa kuandika hela, inabidi urekebishe sehemu zote. Ukisahau moja, hesabu zinapishana.

Dawa ni kuandika usafishaji mara moja tu, halafu kuupachika kwenye orodha yenyewe kama methodi ya nyongeza. Maana yake unaiongezea lugha uwezo ambao haikuja nao. C# ina kitu hiki tangu toleo la 3.0 la mwaka 2007, na Kotlin ya programu za Android inayo pia. Apps Script inatumia JavaScript, ambayo inakuruhusu kufanya jambo linalofanana.

Hatua ya 1: safisha hela

Tumia kompyuta. Fungua shiti, nenda menyu ya Extensions, halafu Apps Script, uandike:

```
function pesa(v) {
  if (typeof v === "number") return v;
  const s = String(v)
    .replace(/t?sh\.?|\/[=-]|[,\s]/gi, "");
  if (s === "") return 0;
  if (isNaN(s)) throw new Error("Angalia: " + v);
  return Number(s);
}
```

Ikikuta namba, inaiacha kama ilivyo. Ikikuta maandishi, inaondoa "Tsh", "/=", "/-", mkato na nafasi. Seli tupu inahesabiwa 0. Lakini mtu akiandika "elfu tano", msimbo unagoma na kukutajia neno lenyewe. Hapo usiweke 0 ili mambo yaende. Bora hesabu igome kuliko idanganye.

Hatua ya 2: ongeza methodi

```
Object.defineProperty(
  Array.prototype, "jumlaPesa", {
  value: function () {
    return this.flat()
      .reduce((a, v) => a + pesa(v), 0);
  }
});
```

Kuanzia hapo, popote kwenye msimbo wako unaandika hivi tu:

```
shiti.getRange("D2:D31").getValues().jumlaPesa()
```

Inasomeka kama unavyoongea: chukua eneo, toa thamani, jumlisha pesa. Hapo "shiti" ni jina ulilolipa karatasi yako mwanzoni mwa msimbo.

Hatua ya 3: itumie kwenye seli

```
function JUMLAPESA(eneo) {
  return [eneo].flat().jumlaPesa();
}
```

Rudi kwenye shiti, andika =JUMLAPESA(D2:D31). Ule mfano wetu sasa utatoa 30,000. Kukiwa na neno lisiloeleweka, seli itaonyesha #ERROR! badala ya jumla ya uongo.

Kwa nini jina la Kiswahili?

Si mbwembwe. Kuongeza methodi kwenye vitu vya msingi vya JavaScript kuna hatari ya kugongana majina. Maktaba ya zamani iitwayo MooTools iliongeza methodi yake ya "flatten" kwenye orodha. Mwaka 2018, JavaScript yenyewe ilipotaka kuleta methodi ya jina hilohilo, majaribio kwenye Firefox yaliharibu tovuti iliyokuwa ikitumia MooTools. Mwishowe jina rasmi likawa "flat", ndiyo hiyo tuliyotumia hapo juu. Jina kama jumlaPesa ni vigumu sana kugongana na la wakubwa.

Tumetumia pia Object.defineProperty badala ya njia fupi ya kuandika Array.prototype.jumlaPesa = ... moja kwa moja. Njia hiyo fupi hufanya methodi yako ijitokeze kwenye vitanzi vya for...in kana kwamba ni kitu kimojawapo cha orodha.

Kwa wa simu tu

- Msimbo uandikwe kwenye kompyuta. App ya Sheets ya simu haina sehemu ya kuuandikia.
- Fomula ikishawekwa, unaweza kujaza michango kwa simu. Iwe na bando, maana msimbo unaendeshwa kwenye mitambo ya Google.
- Menyu unazotengeneza kwa Apps Script hazitokei kwenye app ya simu. Usimwahidi katibu kitufe ambacho hatakiona.
- Fomula ya namna hii haiwezi kubadilisha seli nyingine. Inarudisha jibu kwenye seli yake tu, na ikizidi sekunde 30 inakatwa.

Kabla hujaiamini

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Kwa hiyo kitabu chako kinaweza kuulizwa na watu wa nje ya kikundi pia.

Kopi shiti lote kwanza, ufanyie majaribio kwenye kopi. Weka SUM na JUMLAPESA bega kwa bega kwenye safu moja. Zikitofautiana, tafuta seli iliyoegemea kushoto. Kisha linganisha na fedha zilizohesabiwa kwenye sanduku mbele ya wanachama. Msimbo unasoma kilichoandikwa tu. Hela ambayo haikuandikwa kabisa, hakuna methodi itakayoiona.