Tundu la Ndururu

Vijana wa Kaloleni na Shauri Moyo wakirithi mkebe wa shosho, ndururu za tundu huwa humo. Wengine huniletea hapa Kamukunji, mimi fundi wa mabati wa jua kali, wakiuliza: "Fundi, hii si ilikosewa kiwandani?" Wamesikia kwamba kosa la kiwandani huuzika ghali, nami huwaambia tuanze na tundu.

Sarafu hizi za tundu, za senti tano (ndururu) na kumi, zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kukaa London. Visahani vya shaba vilitobolewa kwanza, ndipo vikapigwa muhuri. Basi tundu lililokaa kombo tangu kiwandani lina kingo laini, kwa kuwa uzito wa muhuri uliisawazisha shaba. Tundu la msumari huonekana tofauti: upande mmoja shaba imezama, upande wa pili imechomoza na kukukwaruza kidole. Shilingi za zamani zenye tundu ni za aina hii ya pili. Zilifuliwa bila tundu, kisha mtu akaitoboa moja aivae shingoni. Hilo si kosa la kiwanda, ni historia ya mvaaji, nami naiheshimu.

Ukingo uliomegwa una siri zaidi. Kiwandani, kikatio kikipanda juu ya nafasi iliyokwisha kukatwa, kisahani hutoka kimeng'atwa. Geuza macho upande unaokabili pengo: mara nyingi ukingo pale ni hafifu, maana shaba haikubanwa sawasawa. Ukiukuta imara, na penye pengo kuna mikwaruzo ya tupa, mtu alipitia hapo.

Halafu kuna ndururu ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Wengi hudhani ni kosa. Sivyo. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huo kabla ya kutawazwa, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikutolewa kwa umma. Lakini zetu za tundu hazikuhitaji sura yake, jina tu lilitosha, zikafuliwa mapema. Hata ile ya 1964 isiyo na jina la mfalme wala malkia ni halali. Herufi H na KN zilizo kwenye baadhi ya sarafu hizi nazo ni alama za viwanda vya Birmingham, Heaton na King's Norton.

Ndugu yangu, ukiokota moja, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Ukiisugua unafuta ushahidi wenyewe, na hakuna fundi atakayeurudisha.