Mkono Niliouficha Mfukoni

Tone la jasho lilinidondokea kiganjani basi likiwa limesimama Nyakanazi. Lilikuwa la kijana aliyekuwa akipitisha mahindi ya kuchoma dirishani. Hakuniona nikishtuka. Alikuwa ameshamgeukia abiria mwingine, ananadi, anahesabu chenji, anakimbia na basi jingine lililokuwa likiingia. Mimi nikabaki nimeukunjua mkono kama mtu anayesubiri kupewa kitu, nikilitazama lile tone mpaka likakauka. Kisha nikamimina kitakasa mikono, nikasugua. Nikamimina tena.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Januari 2025. Nilikuwa natoka Dodoma kwenda Ngara kumpa pole mama mkubwa, dada yake mama, aliyefiwa na mumewe baada ya kuugua kisukari kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kweli kweli. Nilibeba barakoa tano na chupa mbili za vitakasa mikono, nikavaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile, nikaweka noti ndogo ndogo ili nisirudishiwe chenji na mtu. Maji nilikunywa kidogo sana ili nisihitaji choo cha stendi. Na bado, baada ya yote hayo, tone moja la jasho la mtu mzima wa afya, tena nje, kwenye upepo na jua la saa saba mchana, lilinitia hofu ambayo sikuweza kuiondoa mpaka nafika.

Nyakanazi iko wilaya ya Biharamulo, na siku chache tu kabla ya safari yangu Biharamulo ilikuwa imetajwa duniani kote. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kulikuwa na watu waliohisiwa kuugua Marburg mkoani Kagera: wagonjwa tisa, wanane kati yao wamekwisha kufariki. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Kati ya tangazo la kwanza na la mwisho zilipita siku sita. Wengi wetu tuliozipitia siku hizo tukiwa na ndugu Kagera tulijifunza kuishi na habari mbili kwa wakati mmoja, na mtu mwenye habari mbili huogopa kila kitu.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba hofu yangu haikulingana na ugonjwa wenyewe. Marburg haielei hewani ikamsubiri mpita njia. Makazi yake ya asili ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini. Ikishamwingia binadamu, hupita kwa mwingine kwa kugusana na damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mtu aliyekwisha kuugua, au ya maiti, au kupitia nguo na shuka vilivyochafuliwa nayo. Mtu ambaye hajaanza dalili haambukizi. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, na zikishaanza, mgonjwa si mtu wa kukimbiza mabasi na sinia la mahindi. Anakuwa amelala, ana homa kali, na kuna mtu kando yake anayempangusa uso.

Kwa hiyo hatari haikuwa stendi. Ilikuwa chumbani, kando ya kitanda, kwenye beseni la kufulia na mahali pa kuoshea maiti. Nilijua hayo yote, na mkono wangu bado ulikuwa ukiwasha. Basi lilipoondoka kuelekea Lusahunga nikaanza kujiuliza swali jingine: kwa nini sisi, watu wenye asili ya huku, tunaiogopa njia kiasi hiki?

Sehemu ya jibu ilikuwa nje ya dirisha. Ukishapita Nyakahura unaingia porini, na pori hilo ni refu. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kuna miaka ambayo mabasi hayakupita huku bila kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Wakati huo tahadhari ilikuwa bunduki mbele ya msafara, na bado abiria walikaa wameshika roho mikononi.

Lakini historia ya pori inaanza mbali zaidi, na ndani yake kuna kirusi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe, uliingia pembe ya Afrika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umefika nchi za Maziwa Makuu na kuangamiza sehemu kubwa sana ya mifugo. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alieleza kilichofuata. Ng'ombe walipokwisha, njaa na ndui vikaingia na watu wakapungua. Mashamba na malisho yaliyokuwa yakizuia kichaka yakaachwa, kichaka kikarudi, na mbung'o wakarudi nacho. Pori ambalo msafiri wa leo huliona kama kitu cha tangu kuumbwa kwa dunia, mahali pengine lilikuwa uwanja wa watu waliopoteza mifugo yao.

Mbung'o walileta malale. Safari hii hatari ilikuwa nje kweli kweli: mtu aliumwa akikata kuni, akirina asali, akifuata maji. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliamua kuwahamisha watu. Miaka ya 1930 wakazi wa maeneo kadhaa ya magharibi mwa Tanganyika, Biharamulo ikiwemo, walitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vya pamoja na kuamriwa kufyeka vichaka. Kwa upande mmoja ilikuwa tiba. Kwa upande mwingine ilikuwa amri: acha kaburi la babu yako, acha migomba yako, kakae pale tulipopima. Na ardhi iliyobaki tupu ikazidi kuwa pori. Nadhani hapo ndipo watu wa huku walipoanza kufundishwa kwamba nje ni mahali pa kuugua na kwamba usalama ni kukaa pale unapoonekana na serikali.

Kisha ukaja ugonjwa ambao haukuwa nje hata kidogo. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera. Kabla haujapata jina la kitaalamu, watu wa mkoa huu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Hebu tafakari jina hilo. Watu walikuwa wakitafuta ugonjwa kwenye nguo, kwenye safari, mpakani na kwa mgeni. Waliogopa kikombe, mkeka, mbu, salamu. Wakati huo huo kirusi chenyewe kilikuwa kikipita kimya mahali ambapo hakuna aliyetaka kupazungumzia, kati ya watu wanaoaminiana. Kuna nyumba za Kagera ambazo zilibaki na bibi na wajukuu tu, na si kwa sababu ya vikombe.

Mwaka 1994 njia yenyewe ikafurika. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Benaco, mahali palipokuwa kambi ya wajenzi wa barabara, pakawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Kuhara damu kukaenea. Wenyeji waliiogopa barabara nzima, kila mtu aliyepita na kila aliyejitwisha godoro. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, ila neno "Benaco" kwa wazee wa Ngara bado lina uzito ambao konda anayelitaja kama kituo tu hausikii.

Korona naikumbuka mwenyewe. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwisho wa Aprili takwimu zikaacha kutolewa, na zilikaa zaidi ya mwaka bila kutolewa. Kirusi kile ndicho kinachopita hewani, ingawa nje hewa hukitawanya na hatari hupungua sana ukilinganisha na chumba kilichofungwa. Lakini bila takwimu, hewa yote huwa sawa. Tulivaa barakoa uwanjani, tukazivua ndani ya daladala iliyofunga madirisha. Tulinawa kwenye ndoo za mlangoni, kisha tukaingia kujifukiza watu watano chini ya blanketi moja. Tahadhari tulikuwa nazo nyingi. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kwa uwazi ugonjwa uko wapi leo.

Na Marburg haikuwa mgeni. Iliingia Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2023, wilaya ya Bukoba. Ilitangazwa tarehe 21 Machi na kumalizika tarehe 2 Juni, wagonjwa tisa, sita wakafariki. Wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa wagonjwa. Septemba 2024 ikatokea Rwanda, ng'ambo ya mto kutoka Ngara: wagonjwa 66, vifo 15, na wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Hata jina lake lina habari hiyo hiyo. Marburg ni mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda, na pamoja na waliougua Frankfurt na Belgrade walikuwa watu 31, saba wakafa. Kuanzia tukio la kwanza, kirusi hiki kimewapata zaidi walio karibu na mwili unaoumwa, wenye kazi ya kuushika.

Nilifika kwa mama mkubwa jioni. Alikuwa uani, kavaa kanga ya eda, akaja hadi langoni kunipokea. Nikaweka mkono mfukoni. Nikasema, "Shikamoo mama," kwa umbali wa hatua tatu. Akaitikia marahaba, akaangalia mfuko wangu, hakusema kitu. Akaenda ndani, akarudi na beseni, jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Nawa, mwanangu. Ukimaliza na mimi nitanawa."

Nikanawa. Naye akanawa, taratibu, hadi viwikoni. Ndipo akanipa mkono, na sikuwa na pa kuuficha wangu.

Usiku, tukila ndizi, nilimweleza habari ya kijana wa mahindi nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema mwaka wa Benaco nao waliwaogopa wapita njia, lakini waliougua zaidi walikuwa wanaolala wamebanana na wasio na maji safi. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimeliwaza katika kilomita zote zile. Mumewe alitapika siku nyingi kabla ya kufa. Yeye ndiye aliyempangusa, aliyefua shuka, na ndugu wakaja kuuosha mwili. Hakuna aliyemuuliza kama ana glovu, wala yeye hakuuliza. Ilikuwa kisukari, alishukuru Mungu. "Lakini ingekuwa hiyo yenu," akasema, "ningefanya vile vile. Nani mwingine angemshika?"

Niliporudi Dodoma niliendelea kuhesabu siku zangu 21 tangu lile tone. Ziliisha katikati ya Februari bila homa. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitika Biharamulo alikuwa amefariki tarehe 28 Januari, na baada ya siku 42 za kusubiri, tarehe 13 Machi 2025, mlipuko ulitangazwa kumalizika. Wagonjwa walikuwa kumi: wawili waliothibitika na maabara na wanane waliohesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wagonjwa. Wote kumi walifariki. Wanane kati yao walifariki kabla ugonjwa haujathibitishwa, yaani walitunzwa na watu ambao hawakujua wanachokishika.

Siwacheki wanaoogopa stendi. Nimekuwa mmoja wao, na naweza kuwa tena. Lakini sasa najua mfuko wangu ulikuwa umejaa vitu ambavyo havikuhitajika pale vilipokuwa. Safari iliyofuata nilibeba boksi moja la glovu na dawa ya klorini, nikampelekea mama mkubwa. Aliviweka kabatini, karibu na shuka.