Bwana nyama na mayai ya kigeni

Mvua zikishika Karatu, madume ya kwera husuka viota matawini, na haupiti muda kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani huanza kuita jirani. Yeye hajengi. Jike lake hunyemelea kiota cha kwera, huondoa yai moja, hutaga lake na kutoweka. Kinda lake likianguliwa huwasukuma nje watoto wa mwenye kiota.

Kinga kubwa ya kwera ni kulijua yai lisilo lake.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulipima jambo hilo Afrika alikuwa Charles Swynnerton, mkulima aliyeishi karibu na msitu wa Chirinda, Zimbabwe ya leo. Aliweka mayai ya kigeni viotani, kisha akarudi kuangalia yapi yamepokewa na yapi yametupwa. Mwaka 1918 alichapisha matokeo katika jarida la Ibis, akiongeza hoja nzito: huenda mayai ya ndege wa aina moja hutofautiana rangi ili kumshinda kekeo anayeyaiga.

Mwaka uliofuata akawa bwana nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika. Akiwa bado katika kazi hiyo, mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku ndani ya kreta ya Ngorongoro, isipokuwa kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kijerumani wa ukoo wa Siedentopf. Baadaye alihamia Shinyanga kupambana na mbung'o, na mwaka 1938 akafa katika ajali ya eropleni.

Hoja yake kuhusu rangi za mayai ilipata ushahidi visiwani. Kwera wa Afrika walipelekwa Hispaniola zaidi ya karne mbili zilizopita, na Mauritius mwaka 1886, mbali na kekeo huyo. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kwamba huko mayai ya majike mbalimbali yameanza kufanana, huku ya kiota kimoja yakizidi kupishana. Adui alipokosekana, alama ya kila jike ilififia.

Upande wa Ziwa Eyasi, ndege anayewaongoza Wahadzabe kwenye asali naye hutaga viotani mwa wengine, mashimoni gizani. Huko Zambia, mtafiti Claire Spottiswoode aligundua kwamba keremkerem, ambao hutagiwa na ndege huyo, hawakatai mayai ya mgeni huyo. Hata hivyo mayai hayo hulingana kwa ukubwa na ya mwenyeji. Hatari inatoka kwa jike mwingine wa jamii ya mgeni huyo: akiingia kiotani baadaye, hutoboa zaidi yai linalopishana na mengine kwa ukubwa.