Tumbusi, Mfagizi Asiye na Mshahara

Tausi huimbwa, njiwa hutumwa salamu, lakini tumbusi huachiwa mizoga. Ni nani amewahi kumshukuru? Leo na tutupie macho India, ambako watu walitambua thamani ya ndege huyu alipokwisha kutoweka.

Kwa Wahindu wengi ng'ombe hachinjwi. Akifa, mzoga ulipelekwa jalalani nje ya mji. Wachuna ngozi wakachukua ngozi yao, na tumbusi wakamaliza kazi. Kundi kubwa liliacha mifupa mitupu chini ya saa moja, na asidi kali ya matumbo yao iliua vijidudu vingi vya maradhi. Walikuwa mamilioni, wakijenga viota mitini hata katika mji wa Delhi. Waparsi wa Mumbai waliwaachia hata maiti zao juu ya minara, maana dini yao inakataza kuchafua ardhi na moto.

Katika miaka ya 1990, mtaalamu wa ndege Vibhu Prakash aliona tumbusi wa hifadhi ya Keoladeo wakilegea shingo na kufa. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 2004, watafiti waliofanya kazi Pakistan wakiongozwa na Lindsay Oaks, daktari wa wanyama wa Marekani, walitoa jibu: diklofenaki. Naam, dawa ile ile ya maumivu tunayoinunua madukani! Ng'ombe aliyetibiwa nayo kisha akafa alibaki nayo mwilini; tumbusi aliyemla aliharibika figo. Mzoga mmoja wenye dawa kati ya 100 ulitosha kuwamaliza.

Kati ya kila tumbusi 1,000 wa mgongo mweupe waliokuwapo mwaka 1992, kufikia 2007 alibaki kama mmoja tu. Mizoga ikaoza, mbwa wakaongezeka kwa mamilioni, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Mwaka 2024, wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria kuwa kati ya 2000 na 2005 pengo hilo lilileta vifo vya ziada vya watu kama 500,000.

India ilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na ikapatikana nyingine, meloksikamu, isiyomdhuru ndege. Lakini tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka. Kumuua ni kazi ya siku chache; kumrudisha ni kazi ya miaka mingi.

Na sisi Afrika je? Kwetu adui mkubwa ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba huutia mzoga sumu ya wadudu, na tumbusi hufika wa kwanza. Majangili nao hutia sumu makusudi, ili ndege wasiruke angani na kuwaonyesha askari wa wanyamapori mahali pa uhalifu. Mwaka 2019, huko Botswana, tumbusi zaidi ya 500 walikufa kwenye mizoga ya tembo iliyotiwa sumu.

Mfagizi wa manispaa akigoma, sote tunajua kesho yake. Tumbusi hana chama cha wafanyakazi. Akiisha, tutajua kwa wingi wa mbwa mitaani.