Halmashauri ya Shule ya London na Kanuni Zake za Dini, 1870–1904

Mtoto ni amana. Mzazi ampelekapo shuleni humtia mikononi mwa watu wengine, na tangu siku ile yeye si mlezi wa pekee wa mwanawe. Kwa sababu hiyo, kila palipojengwa shule ya watu wote palizuka swali hili: ni nani mwenye haki ya kuamua mtoto afundishwe nini katika mambo ya dini? Waislamu wa Uganda wanalijua swali hili, maana kwa miaka mingi shule nyingi za nchi zilikuwa chini ya misheni za Kikristo, na wazazi wengi walihofu kwamba mtoto atapata kusoma na apoteze dini yake. Basi ni vyema kutazama jinsi Waingereza walivyolikabili swali hilo kwao, wao kwa wao, kabla na baada ya kuja kutawala nchi za watu.

Katika mwaka wa 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoletwa na W. E. Forster. Kabla ya hapo watoto wengi wa maskini hawakuwa na shule, na shule zilizokuwapo zilikuwa za makanisa kwa wingi. Sheria ile iliamuru kwamba mahali penye upungufu wa shule pachaguliwe halmashauri, nayo ijenge shule kwa kodi ya watu wa mahali hapo. Kwa kuwa kodi ilitoka kwa watu wa madhehebu yote, Bunge liliweka mipaka. Shule ya halmashauri haikuruhusiwa kufundisha katekisimu wala maneno ya imani yaliyo ya dhehebu moja tu. Tena mzazi alipewa haki ya kumtoa mwanawe katika somo la dini pasipo mtoto kupoteza faida nyingine za shule. Ili haki hiyo isiwe ya maneno matupu, somo la dini liliwekwa mwanzo au mwisho wa kipindi cha masomo, na ratiba ikatundikwa mahali ionekanapo na wote.

Halmashauri ya London ilichaguliwa mwezi wa Novemba 1870, ikiwa na wajumbe 49. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Lord Lawrence, aliyekuwa ametawala Uhindi kwa niaba ya Malkia. Ndani yake walikuwamo mapadre, wafanya biashara na wanawake wawili, Elizabeth Garrett na Emily Davies. Alikuwamo pia T. H. Huxley, mtaalamu wa elimu ya viumbe, ambaye hakuwa mtu wa kanisa hata kidogo. Mtu angalidhani kwamba watu wa namna hii hawatapatana kamwe.

Lakini walipatana, na njia waliyoifuata ndiyo yenye mafunzo. Mwezi wa Machi 1871 mjumbe W. H. Smith alitoa hoja mbele ya halmashauri nzima, ikajadiliwa kwa urefu. Hoja ilisema Biblia isomwe na kuelezwa kwa kadiri ya akili za watoto, lakini asijaribu mtu yeyote kuwavuta watoto katika dhehebu fulani. Iliongeza kwamba wazazi au walipa kodi wa mtaa wakiwa na sababu maalum, waweza kuomba shule yao isamehewe kanuni hiyo. Wajumbe wengi sana waliikubali, na Huxley mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotaka Biblia isomwe.

Mambo ya masomo mengine hayakuamuliwa kwa hotuba ya siku moja. Yalipelekwa kwa kamati ndogo chini ya Huxley, ikayachunguza, kisha ikaleta taarifa mwezi wa Juni 1871.

Ama kanuni za kuwalazimisha watoto kuhudhuria shule, hizo zilikuwa na masharti makali zaidi, kwa kuwa zingeweza kumfikisha mzazi mahakamani. Sheria ilitaka kanuni zichapwe na kuwekwa ofisini muda usiopungua mwezi mmoja, kila mlipa kodi apate kuzisoma na kupewa nakala bure. Baadaye zilipelekwa serikalini, na hazikuwa na nguvu mpaka zipate kibali cha Malkia na Baraza lake. Hata zikiisha kukubaliwa, hazikuweza kumlazimisha mtoto kuhudhuria siku iliyotengwa kwa ibada na watu wa dini ya mzazi wake.

Mapatano yale yalidumu zaidi ya miaka ishirini. Kisha kundi la kanisa lilipopata wingi wa wajumbe, lilitaka mafundisho yawe na mpaka wazi zaidi. Katika mwaka wa 1894 walimu walipelekewa waraka wa kuwataka wawafundishe watoto itikadi ya Utatu. Kura zilikuwapo, na kwa hesabu kundi lile lilishinda. Lakini walimu zaidi ya 3,000 waliomba waondolewe kazi ya kufundisha dini. Mji mzima ukashikwa na ugomvi, na katika uchaguzi wa mwaka ule ule kundi lile likabaki na wingi mdogo tu. Halmashauri yenyewe ilivunjwa mwaka wa 1904, na shule zake zikawa chini ya Baraza la Mkoa wa London.

Tofauti ya mwaka wa 1871 na ule wa 1894 haikuwa katika kura, maana mara zote mbili wengi walishinda. Tofauti ni kwamba kanuni ya kwanza ilimwachia nafasi mtu aliyeshindwa: mzazi aliweza kumtoa mwanawe, na mtaa uliweza kuomba kusamehewa. Ya pili ilimbana mwalimu ambaye ndiye angeitekeleza darasani. Wingi wa kura hupitisha kanuni, lakini haki ya wachache ndiyo huidumisha. Halmashauri yoyote ya shule, iwe ya Wakristo wenye watoto wa Kiislamu au ya Waislamu wenye watoto wa Kikristo, na ipime kanuni yake kwa mizani hiyo kabla ya kuitia muhuri.