Clarkston: Mji Uliokuzwa na Wageni

Mji wa Clarkston, katika kaunti ya DeKalb, jimbo la Georgia nchini Marekani, ulipewa hati yake mwaka 1882. Uko umbali wa kilomita zipatazo 16 kutoka katikati ya jiji la Atlanta, na kwa miaka mingi eneo lake halikuzidi sana maili moja ya mraba. Katika eneo hilo dogo wamekutana watu wa mataifa mengi. Historia yake inastahili kukumbukwa kwa sababu ni historia ya mji uliokubali kubadilika ukaendelea kuishi.

Mji huu ni mtoto wa reli. Njia ya Georgia Railroad kutoka Augusta ilifika Atlanta mwaka 1845, na baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe watu walianza kujenga kandokando yake. Waliweza kufanya kazi Atlanta mchana na jioni wakarudi kulala kwao. Hata jina la mji limetokana na W. W. Clark, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya reli hiyo. Mwaka 1883 Wabaptisti walianzisha kanisa lao. Kwa karibu karne nzima Clarkston ulibaki mji mtulivu wa Wazungu, wenye nyumba za kawaida na mbuzi wengi kiasi kwamba ulitaniwa kuwa mji wa mbuzi.

Mageuzi yaliletwa na nyumba za kupanga. Katika miaka ya 1970 Atlanta ilikuwa ikipanuka, na wajenzi wakainua majengo mengi ya ghorofa Clarkston kwa ajili ya wafanyakazi wa jijini. Miaka kumi baadaye wapangaji wengi walikuwa wamehamia vitongoji vya mbali zaidi. Nyumba zikabaki tupu na kodi ikashuka. Wakati huohuo, sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980 ilikuwa imeweka utaratibu wa kudumu wa kuwapokea wakimbizi nchini Marekani. Mashirika ya kuwapatia makazi, yakiwemo World Relief na International Rescue Committee, yaliona Clarkston una mambo matatu ambayo mtu asiye na gari wala akiba huyahitaji: nyumba za bei nafuu, mabasi ya kwenda mjini, na ajira zisizo mbali.

Wavietinamu walitangulia. Wakafuata Wabosnia, Wasomali, Waethiopia, Wabhutani, Waburma na Waafghani. Wakongo nao walifika kwa wingi, baadhi yao wakiwa wameishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Ndiyo maana Kiswahili leo ni miongoni mwa lugha za mji huu.

Kila taasisi ya zamani ililazimika kuchagua. Duka la vyakula la Thriftown lilikuwa linaelekea kufungwa kwa kukosa wateja, hadi mfanyakazi wake Mvietinamu aliposhauri waingize vyakula ambavyo wageni walivizoea kwao. Duka likapata uhai mpya. Kanisa la Wabaptisti, lililopoteza waumini wengi, liliwafungulia wageni milango, na mwaka 2004 likachukua jina la Clarkston International Bible Church.

Hapakukosa misuguano. Mwaka huohuo wa 2004, Luma Mufleh, mzaliwa wa Jordan, aliunda timu ya soka ya vijana wakimbizi iliyoitwa Fugees. Mwaka 2006 meya alipiga marufuku soka katika uwanja wa bustani ya mji, na habari hiyo ikafika mbali. Halmashauri ya mji ikapiga kura kuiruhusu timu icheze, na baadaye timu ikazaa shule ya watoto wakimbizi.

Hatimaye wageni waliingia ndani ya halmashauri yenyewe. Awet Eyasu, mzaliwa wa Eritrea, alikuwa diwani na naibu meya. Mwaka 2020 Beverly Burks alichaguliwa kuwa meya, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 7,554. Ile ya 2020 ilihesabu 14,756, ongezeko lililochangiwa pia na maeneo jirani yaliyounganishwa na mji.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, mlango ambao Clarkston umeutegemea kwa zaidi ya miaka 40. Lakini waliofika jana leo ni wenye maduka, wazazi wa wanafunzi na wapiga kura. Anayetaka kuwaheshimu waasisi wa mwaka 1882 na awaheshimu pia hawa, kwani ndio waliouzuia mji usife.