Pampu ya njiani: ipi inamfaa mwendesha baiskeli wa Simiyu?

Baada ya kipindi chetu cha usafiri kijijini, msikilizaji mmoja wa Itilima alitupigia simu. Yeye hupeleka maziwa Bariadi mjini kila asubuhi, madumu mawili kwenye keria. Siku hiyo tairi la nyuma lilipata pancha kabla jua halijapanda. Kiraka alikuwa nacho, gundi alikuwa nayo, na kuziba aliziba. Upepo wa kujaza ndio alioukosa. Alisukuma baiskeli mpaka kwa fundi, na alipofika maziwa yalikuwa yamekwisha kuganda. Swali lake lilikuwa moja: anunue pampu gani ya kutembea nayo?

Mkoa wetu ni wa miiba. Barabara ya lami kutoka Lamadi kupitia Dutwa hadi Bariadi ina afadhali, ingawa vipande vya waya wa matairi ya malori yaliyopasuka vinatoboa vizuri tu. Ukiingia njia za ng'ombe kuelekea Meatu au ndani ya Itilima, miiba ya migunga haichagui tairi jipya wala kuukuu. Na kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine unaweza kutembea saa nzima.

Kabla ya kuuliza bei ya pampu, inama uangalie valvu ya baiskeli yako, yaani ule mdomo wa kujazia upepo. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Baiskeli zetu za mzigo, zile za tairi la inchi 28, nyingi zina valvu ya zamani, yenye sindano ndani iliyovishwa kimpira chembamba na kufungwa na nati. Baiskeli nyingi za gia za tairi la inchi 26 zina valvu nene kama ya pikipiki na gari. Ya tatu ni nyembamba na ndefu, yenye kijiskrubu kichwani unachokilegeza kabla ya kujaza. Hiyo utaiona kwenye baiskeli za mashindano zenye tairi jembamba. Pampu ya valvu nene haishiki kwenye nyingine mbili bila kichwa cha kuunganishia. Kichwa cha valvu nyembamba kwa kawaida hushika pia ile ya zamani.

Sasa tuje kwenye pampu zenyewe.

Pampu ya mkono ya kufungwa kwenye fremu ndiyo tunayoipendekeza kwa msikilizaji wetu wa maziwa, na kwa wengi wenu. Haina betri, na ikiharibika fundi wa kijijini anaifungua. Pampu za zamani zina washa ya ngozi ndani. Ukiona unasukuma na mkono unaenda bure bila uzito, mara nyingi ngozi imekauka. Ifungue, itie matone machache ya mafuta, uitanue kidogo kwa vidole, irudishe. Chagua ndefu kuliko fupi. Zile fupi za kuingia mfukoni zinavutia dukani, lakini kwa tairi kubwa la inchi 28 utasukuma mpaka bega liume. Angalia pia kipira chake cha kuunganishia: kikiwa na ufa, upepo unaishia hapo. Nunua kimoja cha akiba, hakina gharama.

Pampu ya kukanyaga kwa mguu au ya kusimama ni nzuri, ila ni ya kukaa nyumbani au kwenye kijiwe. Wenzetu wa baiskeli za abiria wanaweza kuchanga na kununua moja ya wote.

Halafu kuna pampu ndogo za umeme, za kuchajiwa kwa waya kama wa simu. Hizi ndizo zinazoulizwa sana siku hizi, na tulinunua moja tuijaribu. Ilijaza tairi la baiskeli ya gia vizuri. Kwenye baiskeli ya mzigo ilijizima mapema, tairi likiwa bado laini! Tulidhani tumeuziwa kimeo. Kumbe sababu ni valvu ya zamani: kimpira chake kinaruhusu upepo kuingia lakini hakiruhusu kipimo cha pampu kusoma upepo uliomo ndani. Mashine inapima msukumo wa kwenye bomba lake yenyewe, inaona namba imefika, inazima. Kwa valvu hiyo usiiamini namba ya kwenye kioo. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, kama tulivyozoea.

Ukiamua kununua ya umeme, nenda dukani na baiskeli yako na uombe ijaze tairi hilohilo kutoka sifuri mbele yako. Namba kubwa ya psi iliyoandikwa kwenye boksi isikutishe. Baiskeli ya mashindano inaweza kuhitaji psi 80 hadi 100, lakini tairi pana la baiskeli ya gia au ya mzigo huhitaji chini sana ya hapo. Kiwango chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi. La kuangalia zaidi ni uwezo wa betri. Zile ndogo kabisa hujaza tairi moja au mawili tu kisha zinataka chaji. Zinapata joto sana, hivyo ipumzishe kati ya tairi na tairi. Usiiache juani kwenye keria, na ichaji hata kama hujaitumia mwezi mzima, maana betri hupungua yenyewe. Kama nyumbani unategemea sola ndogo inayogombewa na simu tatu, fikiria mara mbili.

Vipo pia vichupa vya gesi vya kutumia mara moja, wanavyotumia waendesha baiskeli wa mashindano. Kinajaza tairi kwa sekunde chache. Lakini kimoja ni cha tairi moja, kikiisha kimeisha, na gesi yake hupenya kwenye mpira haraka kuliko upepo wa kawaida, hivyo kesho yake tairi limelegea. Kwa huku kwetu hapana.

Tena, pampu haizibi pancha. Kwa valvu ya zamani, anza na kile kimpira: paka mate kwenye mdomo wa tyubu, ukiona mapovu kibadilishe, huenda tyubu ni nzima. Kama ni mwiba, pitisha vidole polepole ndani ya tairi uung'oe kabla ya kurudisha tyubu, vinginevyo utajaza upepo na kutoboka tena kabla hujafika mbali. Tyubu ipigwe msasa mahali pa kubandika kiraka, gundi ipakwe na iachwe ikauke kwanza.

Msikilizaji wetu wa Itilima alitupigia tena wiki iliyofuata. Amenunua ya mkono, ndefu, na vimpira vinne vya valvu amevifunga kwenye kikaratasi chini ya kiti.